Jina la Jukwaani na Uhalisi Wake: Mtazamo kutoka Ufipa

Mtafiti wa majina anapofika Sumbawanga hukutana na swali ambalo huenda hakulitarajia: je, Majuto ndilo lililokuwa jina lake hasa? Makala haya yanalichukulia swali hilo kwa uzito, kwa sababu nyuma yake kuna dhana isiyo sahihi kwamba ugeni wa jina ni dalili ya ubandia wake. Tutatumia mifano ya waigizaji wa Tanzania, kisha tuilinganishe na hali ya majina katika uwanda wa juu wa Ufipa.

Jibu la swali lenyewe ni fupi. Mchekeshaji huyo kutoka Tanga, aliyefariki mwaka 2018, aliitwa Amri Athumani. Hata hivyo, lakabu yake haikubuniwa nje ya mfumo wa lugha. Majuto ni nomino ya ngeli ya 6 iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi juta, nayo iko katika kundi moja na Mashaka, Shida na Tabu, ambayo Waswahili wengi wamepewa na wazazi wao tangu kuzaliwa. Kwa hiyo Amri alijivika jina ambalo mtu mwingine analo kwa haki ya kuzaliwa. Hali ya Emmanuel Mgaya, yaani Masanja Mkandamizaji, inavutia zaidi: Masanja ni jina la kawaida kabisa miongoni mwa Wasukuma, ilhali Mkandamizaji ni nomino ya mtendaji itokanayo na kandamiza. Sehemu ya kwanza humfanya msikilizaji aamini, ya pili humfanya acheke. Naye Said Ngamba, aliyefariki mwaka 2014, alijiita Mzee Small: cheo kinamkuza, kivumishi cha Kiingereza kinamdogosha.

Kinyume chake hutokea pia. Mwigizaji aliyepata umaarufu kwa jina la Bi Hindu ni Chuma Suleiman. Asiyemjua angedhani Chuma ndilo la jukwaani. Lakini ni jina la zamani, na mmoja wa waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani baada ya kifo chake mwaka 1873 alikuwa nalo.

Tukirudi Ufipa, tatizo hili linaonekana bila jukwaa lolote. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walikabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na Ukatoliki ukaenea hadi kwenye uwanda wa juu. Pamoja nao yalikuja majina ya watakatifu ambayo sehemu nyingine za nchi hayasikiki sana. Chrisant Mzindakaya, Desderius Mipata na Ignas Malocha, ambao kwa nyakati tofauti walikuwa wabunge kutoka Rukwa, ni mifano inayojulikana. Msikilizaji wa pwani anaposikia Desderius hufikiri ni mhusika wa mchezo wa redio. Kumbe ni jina lililoandikwa katika kitabu cha ubatizo. Hapa ndipo wanafunzi wetu hukosea: huliorodhesha jina la ubatizo kama la kigeni, na la ukoo kama halisi, utadhani mwenye majina hayo ni watu wawili.

Hata jina la mji halikusalimika. Wenyeji hulifasiri Sumbawanga kuwa ‘tupa uchawi’. Kipashio wanga kinalingana na wanga wa Kiswahili na ubwanga wa Kibemba, lugha iliyomo pamoja na Kifipa katika kanda M ya Guthrie. Lakini katika utani wa nchi nzima, na katika vichekesho, kutaja Sumbawanga kunatosha kuashiria mchawi. Amri lililokusudiwa kuufukuza uchawi limegeuzwa kuwa anwani yake, na anayeulipia utani huo ni kijana wa Kifipa anayejitambulisha ugenini. (Nimeshuhudia darasa zima likicheka kabla mwanafunzi hajamaliza kutaja alikotoka.)

Kwa sababu hiyo niliondoa katika hojaji yangu swali ‘Jina lako halisi ni lipi?’ Badala yake nauliza: ‘Nani hukuita hivyo, na mkiwa wapi?’ Mzee mmoja wa Ufipa alinijibu kwa majina matatu: la bibi yake, la padri, na la wenzake wa ngoma. Nilipomwomba achague moja, aliniuliza kwa nini ninataka kumpunguza.