Busisi kwa Vumbi la Rangi

Ukisimama ufukweni Busisi saa kumi na mbili jioni, jua linakuwa mgongoni mwako. Mbele, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, miamba na vilima vya upande wa Kigongo vinatoka kwenye kijivu, vinashika rangi ya chungwa, kisha waridi, na muda si mrefu vimekuwa vyeusi. Mchoraji wa rangi za mafuta hapo bado anachanganya. Wa rangi za maji anasubiri karatasi ikauke. Mwenye kijiti cha pasteli mkononi ameshaliwahi lile chungwa, na liko karatasini.

Ndiyo maana nasema hakuna rangi inayolifaa Ziwa Victoria kuliko pasteli laini, na inasikitisha kwamba wachoraji wetu wengi hawajawahi kuishika.

Pasteli ni unga wa rangi wenyewe, uliochanganywa na chokaa laini na gundi kidogo sana, ukaviringishwa na kukaushwa. Isifananishwe na chaki ya darasani, ambayo ni ngumu na rangi yake imepauka. Kwa kuwa gundi ni kidogo, rangi inabaki na nguvu yake yote. Wasanii wa Ulaya waliipenda kwa hilo: Rosalba Carriera wa Venice alijijengea jina kwa sura za watu katika karne ya 18, na Edgar Degas, anayejulikana zaidi kwa picha za wanenguaji, mwaka 1892 alionyesha jijini Paris mandhari aliyoyatia pasteli. Lakini kuchora kwa udongo wa rangi si jambo geni kwetu. Michoro ya miambani Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, mingi ni ya udongo mwekundu.

Kazi yenyewe huanzia kwenye karatasi. Karatasi nyororo haifai. Unga unateleza na kudondoka. Inatakiwa yenye mparuzo, na afadhali isiwe nyeupe. Ya kahawia au ya kijivu inakupa jiwe la Mwanza kabla hujagusa kitu. Anza juu, angani, ushuke, kwa sababu vumbi linaanguka chini. Laza kijiti kwa ubavu, upake maeneo makubwa ya giza kwanza: kivuli cha mwamba, mstari wa miti, maji yaliyo chini ya daraja. Mwanga unakuja mwisho, kwa mkandamizo mmojammoja, na ukishauweka usiuguse. Wanaoanza huharibu hapo. Wanasugua kwa kidole mpaka ziwa zima linakuwa tope. Kidole kitumike angani tu. Jiwe linataka mkwaruzo uonekane.

Na vumbi usilipulize. Baadhi ya rangi zina madini yasiyofaa kuvutwa puani. Inamisha ubao, ugonge kidogo nyuma, lidondoke.

Najua swali linalofuata: vifaa vitatoka wapi? Pasteli nzuri kweli si rahisi kuipata madukani kwetu. Lakini Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vibao vya ujenzi na rangi ya kupakia baiskeli, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Msasa wa maji namba 400, unaouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, unashika pasteli vizuri mno, hata kama hautadumu kama karatasi ya sanaa. Vijiti kumi na viwili vinatosha kuanzia, bora viwepo vya giza vya kutosha. Picha ikikamilika, iwekwe kwenye fremu yenye kioo, na kioo kisiguse karatasi.

Busisi inahitaji kuchorwa sasa. Kwa miaka mingi sura yake ilikuwa kivuko: foleni ya malori na mabasi, abiria wameshuka kunyoosha miguu, wachuuzi wakipita madirishani. Tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na maji yaliyokuwa yakivukwa kwa kusubiri yakawa ya kupita kwa dakika chache. Mstari mpya umekatiza ghuba, una nguzo na nyaya, na kivuli chake kinalala majini kila siku. Kamera zimeupiga mara nyingi. Lakini picha ya simu huyafanya maji yote kuwa ya bluu, wakati aliyekaa na kijiti kwa saa moja huona zambarau chini ya nguzo na kijani palipo na magugumaji.

Walimu wa sanaa wa Sengerema, Misungwi na Mwanza mjini, ziwa liko jirani nanyi. Watoeni wanafunzi darasani jioni moja, kila mmoja na kipande cha msasa na vijiti vichache, wakae ufukweni wachore wanachokiona. Na wale wanaokikumbuka kivuko wakichore pia, kabla sura yake haijawatoka kichwani.