Mpera wa uani: unachoweza na usichoweza kutufanyia



Tembea kutoka Kalundu hadi Kavimvira, au fuata barabara ya kando ya ziwa kupitia Makobola mpaka Baraka: hutapita viwanja vingi bila kuona mpera. Mara nyingi hakuna aliyeupanda. Ndege alidondosha mbegu, au mtoto alikula pera akatupa kilichobaki nyuma ya jiko, mti ukaota. Kwa kuwa haukutugharimu kitu, hatuuhesabu kati ya miti ya maana kama mwembe au mchikichi.

Lakini mtoto akianza kuhara usiku, wengi wetu tunakimbilia majani yake kwanza. Ndiyo sababu wiki hii tunauzungumzia. Mpera ni mti mwema, na tungependa kila kiwanja kiwe nao. Lakini katika mji wetu, mama asiyejua mahali nguvu ya majani hayo inapoishia anaweza kumpoteza mtoto kwa saa chache tu.

Mti wenyewe

Mpera ulitoka Amerika ya joto, na wasafiri wa Kihispania na Kireno waliueneza katika nchi nyingi za joto. Hata jina la Kiswahili lina alama ya safari hiyo: kwa Kireno "pera" ni tunda lingine, lile ambalo kwa Kifaransa huitwa poire, na jina likahamia kwenye tunda hili ambalo Wafaransa huliita goyave. Ng'ambo ya Ruzizi, Warundi nao husema ipera. Jina la kitaalamu, Psidium guajava, liliandikwa na Linnaeus wa Uswidi mwaka 1753.

Mti huu ni wa ukoo mmoja na mkarafuu na ile mikaliptusi tunayoiona vilimani. Sugua jani la kila mmoja kwa vidole, utasikia kwamba yote yana mafuta yenye harufu. Mpera unatambulika pia kwa ganda lake laini linalobanduka vipande vyembamba, kwa majani yanayoota mawili mawili yakielekeana, na kwa maua meupe yenye nyuzi nyingi katikati.

Tunda

Gramu 100 za pera, yaani tunda moja la wastani au mawili madogo, zina vitamini C ya miligramu 200 na zaidi. Chungwa la uzito huohuo lina kama 50. Kwa hiyo pera moja la uani linashinda machungwa matatu ya kununua sokoni.

Vitamini hiyo inafanya kazi nyingine ambayo wamama wajawazito wanapaswa kuijua. Madini ya chuma yaliyo katika sombe, lenga-lenga na maharagwe huingia mwilini kwa shida. Mtu akila pera pamoja na chakula hicho, au mara baada yake, mwili unapokea chuma zaidi, na chuma ndicho kinachosaidia kuzuia upungufu wa damu. Chai ya majani makavu inayonywewa na chakula hufanya kinyume chake: inazuia chuma. Basi pera liwe karibu na sahani, chai isubiri kidogo.

Vitamini C imejaa zaidi karibu na ganda, kwa hiyo tusimenye. Tuoshe tu vizuri kwa maji yaliyotiwa dawa au yaliyochemshwa, hasa pera lililookotwa chini. Kuchemsha tunda lenyewe kunapunguza vitamini hiyo, lakini konfitire ya mapera bado ni chakula kizuri na biashara nzuri: pera lina pektini nyingi, kitu kinachogandisha konfitire, kwa hiyo sukari na ndimu zinatosha.

Wengine huwakataza watoto wakisema mbegu zinaleta apandisiti. Mbegu kuziba mahali hapo ni jambo la nadra sana. Kwa kawaida hupita tumboni na kutoka zilivyoingia. Kinachosumbua ni kula mapera mabichi mengi, kwa sababu yanafunga choo.

Majani

Bibi zetu hawakukosea kuyatumia. Majani ya mpera yana tanini, kile kinachokausha ulimi ukitafuna jani, na pia kwesetini, inayotuliza misuli ya utumbo unaokaza. Huko Mexico, utafiti uliotolewa mwaka 2002 uliwapa watu wazima wenye kuhara vidonge vilivyotengenezwa kwa majani haya, na muda wa maumivu ya tumbo ulipungua. Huko Japani, chai ya majani ya mpera inauzwa kwa watu wanaotaka sukari isipande sana katika damu baada ya kula.

Kwa mtu mzima mwenye tumbo linalokata, chukua majani machanga yapatayo sita, yaoshe, yachemshe katika vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi, chuja, kunywa kidogo kidogo. Maji hayohayo yakipoa ni mazuri kusukutulia kinywa chenye fizi zinazouma.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. Mtoto chini ya miezi sita asipewe: chakula na dawa yake ya kwanza ni ziwa la mama. Mwenye mimba amuulize muuguzi kwanza. Na mwenye ugonjwa wa sukari anayemeza dawa asiongeze chai hii kimyakimya, maana viwili hivyo pamoja vinaweza kushusha sukari kupita kiasi.

Pale majani yanapofika mwisho

Kolera, ambayo wengine huiita kipindupindu, iliingia mashariki mwa nchi yetu mwaka 1978 kupitia Ziwa Tanganyika, na tangu hapo haijatuhama. Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine waliangalia Uvira kati ya mwaka 2009 na 2014. Waliona kwamba siku robine zilipokauka, wagonjwa waliofikishwa kwenye kituo cha kutibu kolera waliongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zilizofuata. Kila mama wa hapa anaelewa kwa nini: robine ikikauka, bidoni zinajazwa ziwani au mtoni.

Vijidudu vya kolera vinatoa sumu inayofanya utumbo umwage maji na chumvi za mwili. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Tanini ya mpera haiwezi kufunga mlango huo, na kikombe cha chai ya majani hakirudishi chumvi iliyotoka. Mama anayechemsha majani mara ya pili na ya tatu akingoja yafanye kazi, anaupoteza ule muda ambao ungemwokoa mtoto. Kolera kali isipotibiwa inaweza kuua nusu ya wagonjwa. Ikitibiwa mapema na vizuri, hawafi hata mmoja kwa mia.

Kwa hiyo, mtu yeyote akianza kuhara maji, cha kwanza ni SRO. Koroga paketi katika lita moja ya maji safi. Kama huna paketi, tumia lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu. Usizidishe chumvi. Kila anapohara, mtoto chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu ya kikombe, kijiko kwa kijiko. Mkubwa kidogo apewe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole. Ziwa la mama lisikatizwe. Ukifika kituo cha afya, omba pia vidonge vya zinki, ambavyo mtoto hupewa kwa siku 10 hadi 14.

Usingoje asubuhi ukiona mojawapo ya haya: choo cheupe kama maji ya mchele, kutapika bila kukoma, macho yaliyoingia ndani, mtoto anayelia bila machozi, mkojo uliokatika, ngozi ya tumbo inayokawia kurudi ukiifinya, au mwili uliolegea. Nenda hospitali mara moja, na mnyweshe SRO njiani.

Kupanda

Pera linazaa vizuri toka usawa wa ziwa letu, meta 770 hivi, mpaka karibu meta 1500. Huko juu kwenye baridi ya Hauts Plateaux linachoka. Linavumilia udongo wa mchanga na hata mfinyanzi, lakini halipendi kusimama ndani ya maji muda mrefu. Mwenye kiwanja ambacho ziwa limekuwa likiingia miaka hii achague sehemu ya juu.

Chagua tunda lililoiva la mti unaozaa vizuri. Osha mbegu, ziloweke siku moja, zipande katika kisanduku cha udongo uliochanganywa na mchanga na mbolea ya ng'ombe au mbuzi. Zitaota baada ya wiki mbili hadi tano. Mche ukifika sentimeta 30, uhamishe mwanzo wa mvua, katika shimo la sentimeta 60 kila upande, umbali wa meta 5 kutoka nyumba au mti mwingine. Mwagilia maji katika kiangazi cha kwanza, kati ya Juni na Agosti, na funika shina kwa majani makavu. Matunda ya kwanza huja baada ya miaka miwili hadi minne. Maua hutoka kwenye matawi mapya, kwa hiyo kukata matawi kidogo baada ya mavuno kunaleta mapera zaidi.

Adui mkubwa ni nzi wa matunda, anayetaga mayai ndani ya pera mpaka likajaa funza. Usiache mapera yaliyooza chini ya mti. Yafunge katika mfuko mweusi uuweke juani siku kadhaa, au yafukie nusu meta chini. Matunda machanga unaweza kuyavika mifuko ya karatasi.

Kwa vikundi vyetu

Kikundi cha wanawake 20 kinaweza kuotesha miche 40 katika kisanduku kimoja, kila mmoja akapata miwili. Tunapendekeza siku ya kugawa miche iwe pia siku ya kila mama kuchanganya SRO kwa mikono yake mbele ya wenzake, kwa kijiko na bidoni anazotumia nyumbani, na kurudi na paketi mbili za akiba. Mti utahitaji miaka miwili kabla ya kutupa tunda. Paketi inaweza kuhitajika usiku wa leo.