"Mtandao Hakuna": Tuulize Umekatika Wapi

Ndugu wafanyakazi, siku hizi katika viwanda na mashamba mengi kilo za majani na saa za kazi huingizwa katika kompyuta. Siku ya malipo karani husema, "Mtandao hakuna," nasi tunarudi nyumbani mikono mitupu. Jibu hilo halitoshi. Ni lazima tuulize: umekatika wapi?

Iko amri fupi ya kompyuta inayojibu swali hilo. Inaitwa ping. Iliandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, mfanyakazi wa maabara ya jeshi. Hutuma ujumbe mdogo kwenye mashine nyingine na kungoja jibu, kama mtu anayebisha hodi.

Katika kompyuta ya Windows, andika cmd ili kufungua dirisha la amri. Kisha piga hodi mlango kwa mlango:

1. Andika ping 127.0.0.1. Hapo kompyuta inajijaribu yenyewe.

2. Piga hodi kwa ruta. Namba yake huonekana ukiandika ipconfig. Mara nyingi ni 192.168.1.1. Ikinyamaza, kasoro huenda imo humo humo ofisini: waya umechomoka, au ruta haina umeme.

3. Andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni mashine ya Google, iliyo nje. Ruta ikijibu na hii ikinyamaza, tazama njia ya kwenda nje.

4. Andika ping google.com. Namba ikijibu na jina likashindikana, kasoro iko kwenye huduma inayogeuza majina kuwa namba.

Tahadhari: mashine nyingine zimezuiwa kujibu ping. Kimya kimoja si ushahidi. Jaribu zaidi ya moja.

Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani wengine. Hilo halikuwa kosa la kiwanda chochote. Lakini waya uliochomoka ofisini ni kazi ya dakika chache. Hauwezi kuwa sababu ya kuchelewesha mshahara wiki nzima.

Kwa hiyo kila tawi lichague mwakilishi ajifunze amri hii. Aombe jaribio lifanywe mbele yake, na majibu yaandikwe pamoja na tarehe na saa. Tutakwenda kwa mwajiri na ushahidi, si manung'uniko. Na kila mchumaji aandike kilo zake katika daftari lake kila siku, mtandao uwepo au usiwepo.