Kitufe Kiko Kwako, Msimbo ni wa Nani?

Tarehe 25 Desemba 2018, watu waliofungua mifumo ya kazini na tovuti kadhaa nchini China walikuta vitufe vimeezekwa theluji, na wakipitisha kipanya juu yake yanatokea maneno "Ho Ho Ho!" Waliotengeneza mifumo hiyo hawakuwa na habari. Mapambo hayo yalifichwa miezi kabla ndani ya Ant Design, maktaba ya vipengele vilivyo tayari vya kujengea kurasa, kutoka kampuni ya Ant Financial, yakingoja tarehe ifike. Malalamiko yakamiminika, mhusika akaomba radhi. Theluji yenyewe si neno. Kilichoshtua ni kwamba tovuti inaweza kuwa yako na kitufe chake kikawa kinatii mtu mwingine. Ndiyo maana naona swali la kwanza kuhusu maktaba ya namna hii lisiwe ina vipengele vingapi, bali inakuruhusu kugusa nini.

Kutotumia maktaba kabisa si jibu. Tangu Mark Otto na Jacob Thornton walipoitoa maktaba ya Bootstrap kutoka Twitter mwaka 2011, timu ndogo zimeweza kujenga kwa siku chache kilichokuwa kikichukua wiki, na kazi iliyojificha humo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Chukua kisanduku kinachouliza "Una uhakika unataka kufuta?" Kikifunguka, anayetumia kibodi lazima abaki ndani yake, asiteleze hadi kwenye ukurasa uliofunikwa, kitufe cha Esc lazima kikifunge, kikishafungwa, mtumiaji arudi palepale alipokuwa, na programu inayomsomea asiyeona itangaze kwamba kisanduku kimefunguka. Wengi wakikiunda wenyewe huishia kwenye rangi na kivuli, na asiyeona ndiye anayelipa.

Basi ukishachukua maktaba, kuibadilisha kuna viwango. Rangi, fonti na mviringo wa kona ni rahisi: maktaba nyingi huviweka mahali pamoja, ukigusa pale tovuti nzima inafuata. Ugumu huanza unapotaka kubadilisha tabia. Kipengele cha kuchagua saa, kwa mfano, huja na hesabu inayoanzia usiku wa manane, na abiria wa basi Tanzania anaweza kuisoma 7:00 kuwa saa saba mchana, gari lake likaondoka asubuhi yeye bado yuko nyumbani. Tiba ni kuandika "saa 1 asubuhi" pembeni ya tarakimu. Maktaba ikiwa imefungwa, utabandika viraka juu ya viraka, na toleo jipya likija vinabanduka. Shadcn/ui, iliyotoka mwaka 2023, ilichukua njia nyingine: amri moja inakunakilia msimbo wa kipengele ndani ya mradi wako, nao unakuwa wako wa kuhariri utakavyo.

Mkosoaji atasema, na ana haki, kwamba ukimiliki msimbo umemiliki na kasoro zake. Mwenye maktaba akirekebisha hitilafu, nakala yako uliyoihariri haitapona yenyewe. Ni kweli, ila mzigo hauko sawa kote. Shadcn/ui ilianza kwa kuegemea maktaba nyingine, Radix, ambayo ndiyo inayoshughulikia kibodi, Esc na wasioona, na Radix ilibaki kifurushi cha kusasishwa kama kawaida. Unachohariri zaidi ni umbo la nje. Mgawanyo huo naukubali: tabia ngumu iachiwe wanaoijaribu kila siku, sura na lugha zibaki mikononi mwa anayewajua watumiaji wake. Hata hivyo si kila mradi unastahili gharama hiyo. Mfumo wa kuhesabu magunia ghalani, unaofunguliwa na makarani wachache waliokwisha kuuzoea, unaweza kukaa miaka na vitufe vya kawaida vya Bootstrap asipatikane wa kulalamika.