Nguvu za Pikapu Huanzia kwenye Hewa

Mwenye pikapu aonapo gari lake linapanda mlima kwa taabu, wazo la kwanza limjialo ni kununua: turbo, ekzosi pana, au matairi makubwa. Hata hivyo, kanuni chache za fizikia zaonyesha kwamba nguvu za bei nafuu kuliko zote ni zile ambazo gari limekwisha kuzipoteza.

Ichukuliwe mfano Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L isiyo na turbo. Ujazo wa injini hiyo ni sentimita za ujazo 2,446. Katika injini ya mapigo manne, kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Kwa hiyo injini izungukayo mara 3,000 kwa dakika huhitaji karibu lita 3,670 za hewa kila dakika, na hewa hiyo yote hupita katika chujio moja. Kilo 1 ya dizeli huhitaji kilo 14.5 hivi za hewa ili iungue kabisa. Chujio likiziba kwa vumbi, hewa hupungua, na dizeli isiyoungua vema hutoka kama moshi mweusi. Moshi huo ni fedha ya mwenye gari ipoteayo angani.

Mwinuko nao una athari zake. Mjini Mbeya, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ile ya pwani. Basi hata injini nzima hudhoofika huko. Turbo husaidia kwa kuwa husukuma hewa zaidi ndani ya silinda, lakini gharama yake ni kubwa. Kukaza skurubu ya pampu ili dizeli iongezeke, pasipo kuongeza hewa, huleta moshi na joto kali liwezalo kupasua silinda hedi.

Matairi makubwa huwadanganya wengi. Kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 10, nguvu ya kusukuma gari barabarani hupungua kwa asilimia 9 hivi. Zaidi ya hayo, spidomita ikionyesha kilomita 80 kwa saa, mwendo halisi ni 88. Kwa kuwa umbali wa kusimama kwa breki hufuata mraba wa mwendo, umbali huo huongezeka kwa asilimia 21. Dereva hudhani amepata nguvu, kumbe amepata hatari.

Mpango wa busara ni huu: kwanza, chujio safi, pili, nozeli zipimwe na fundi, tatu, upepo wa matairi uwe wa kiwango kilichowekwa, nne, vyuma visivyo vya lazima viondolewe. Gari la kilo 2,000 likipunguzwa kilo 100, hushika kasi kana kwamba nguvu zake zimeongezwa kwa asilimia 5. Tano, breki ziwe imara kabla ya kutafuta mwendo.

Wanafunzi waweza kulihakiki jambo moja wakiwa abiria. Spidomita ikishikilia 80, wapime kwa saa muda wa kupita kilomita 1 iliyopimwa. Jibu sahihi ni sekunde 45. Likiwa 41, dereva yafaa aambiwe apunguze mwendo.