Ruta Ikigoma: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumwita Fundi

Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mkazi kupanga foleni katika ofisi za Halmashauri sasa hutolewa kwa njia ya mtandao. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo anayehitaji leseni ya biashara huiomba kupitia mfumo wa TAUSI, hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, na hulipa bila kutoka dukani. Utaratibu huo humfaa mpaka siku intaneti inapogoma ilhali muda wa leseni umebaki siku moja. Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: humwita fundi na kumlipa kwa kazi ya dakika 3, au hubonyeza kila kitufe wanachokiona, na tatizo dogo likageuka kubwa.

Ruta, yaani kile kisanduku chenye taa ndogo kinachosambaza waifai, ni kompyuta isiyo na kioo. Ina kumbukumbu yake, ina programu zake, na hufanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Kila simu, televisheni au kompyuta inayojiunga nayo hupewa anwani ya muda, na kila ukurasa unaofunguliwa huandikwa katika daftari lake la ndani ili majibu yajue pa kurudi. Kumbukumbu ya ruta ya kawaida ni ndogo. Katika nyumba yenye wapangaji kadhaa wanaotumia waifai moja, daftari hilo huweza kujaa, au programu moja ikakwama na kuzizuia nyingine. Kuizima ruta hufuta daftari hilo. Ikiwashwa huanza ukurasa mpya, huomba upya anwani kutoka kwa kampuni ya mtandao, na mara nyingi mambo hutengemaa.

Kariakoo ina sababu nyingine ya kipekee. Waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 hugawanywa katika njia 13, lakini kwa kawaida ni njia 3 tu zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana. Katika ghorofa moja la Mtaa wa Mkunguni au Sikukuu lenye maduka chini, stoo katikati na makazi juu, ruta kadhaa hugombea njia hizo 3 kama mikokoteni kwenye uchochoro. Ruta nyingi zimewekwa zijichagulie njia, na huchagua zinapowaka. Kwa hiyo iliyowashwa alfajiri, maduka yakiwa bado yamefungwa, huenda imechagua njia ambayo ifikapo saa 5 asubuhi imefurika. Kuizima na kuiwasha huipa nafasi ya kutazama upya na kuhamia penye nafuu.

Umeme nao una mchango wake. Unapokatika na kurudi, kisanduku cha faiba kilichowekwa na kampuni pamoja na ruta huwaka kwa mpigo mmoja. Ruta huweza kuwa tayari kabla laini haijafunguka, ikaomba anwani na kukosa wa kuijibu. Ndiyo maana mpangilio wa kuwasha una maana. Vyote viwili vizimwe na kuchomolewa kwenye soketi, kwa sababu baadhi ya vitufe vya ruta huzima waifai peke yake na kuacha kompyuta ya ndani ikiendelea. Isubiriwe nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Kisha kiwashwe kisanduku cha faiba kwanza, kiachwe dakika 2 hadi taa zake zitulie, ndipo ruta ifuate. Wanaotumia ruta ya laini ya simu hawana kisanduku cha pili. Kwao kuzima na kuwasha huifanya laini ijisajili upya kwenye mnara, jambo ambalo husaidia iwapo ilikuwa imeng'ang'ania mnara wenye msongamano.

Kuna tundu dogo nyuma ya ruta nyingi, lenye upana wa kutosha kuingiza ncha ya pini. Tundu hilo si la kuzima na kuwasha. Anayebonyeza humo kwa sekunde kadhaa huirejesha ruta katika hali iliyotoka nayo kiwandani: jina la waifai hupotea, nywila hupotea, na kwa baadhi ya huduma za faiba hupotea pia jina la mteja na nywila ambavyo kampuni iliviingiza siku ya kufunga huduma. Bila hivyo ruta haiwezi kujitambulisha kwa kampuni, hata ikiwashwa mara 20. Mkazi aliyekuwa na tatizo la dakika 3 sasa hana budi kumsubiri fundi wa kampuni. Tundu hilo liachwe mpaka kampuni yenyewe itoe maelekezo.

Hata hivyo, kuzima na kuwasha huponya yaliyomo ndani ya nyumba tu. Mnamo Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora nchini Tanzania na kwa majirani kwa siku kadhaa. Hakuna ruta ya Gerezani wala ya Upanga ambayo ingeweza kurekebisha waya uliolala chini ya bahari. Siku kama hiyo, fundi anayekuja na kutoza fedha kwa kuizima ruta na kuiwasha hauzi chochote.

Kutofautisha si kazi ngumu. Kwanza itazamwe simu ya pili: ikiwa simu moja haipati na nyingine inapata, tatizo ni la simu, si la ruta. Pili, kiulizwe kifurushi, kwa maana ruta ya laini iliyoishiwa kifurushi huwaka taa zote vizuri bila kuleta kitu. Tatu, zitazamwe taa. Kwenye kisanduku cha faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu huashiria kwamba mwanga haufiki kutoka kwa kampuni. Huenda waya umekatwa na wachimbaji wa mtaro, au umekunjwa nyuma ya kabati. Hapo kinachotakiwa ni kupiga simu kwa kampuni. Ikumbukwe pia kwamba mashine nyingi za risiti za kielektroniki hutumia laini zake zenyewe, hivyo kuizima ruta hakuziamshi wala hakuziharibu.

Ruta inayohitaji kuzimwa na kuwashwa kila siku ina ugonjwa, na ugonjwa wenyewe mara nyingi ni joto. Nyumba nyingi huificha nyuma ya televisheni, au huifunika kwa kitambaa cha kufuma ili ipendeze. Kitambaa hicho huziba matundu ya kupumulia, na kwa joto la Dar es Salaam la Januari na Februari ruta huchemka na kukwama. Kwa wakazi wa Magogoni na Kivukoni walio jirani na bahari, upepo wenye chumvi huweza kutia kutu vichwa vya nyaya, inafaa vikaguliwe. Adapta iliyochoka nayo huizima ruta bila taarifa.

Ikiwa ruta imezimwa na kuwashwa kwa utaratibu uliotajwa mara 2 bila mafanikio, hakuna faida ya mara ya tatu. Mwenye malipo ya haraka anaweza kufungua waifai ya kwenye simu yake na kuunganisha kompyuta humo ili amalize. Kisha aandike siku na saa tatizo lilipoanza, pamoja na rangi ya taa alizoziona, awasiliane na huduma kwa wateja ya kampuni yake na kuomba namba ya malalamiko. Kampuni isipotatua, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo humtaka mteja aoneshe kwamba alianza kwa mtoa huduma. Ndipo namba ile aliyoiomba humfaa.