Umeme wa jua kwa vifaa vidogo vya kielektroniki: Hesabu kwanza, paneli baadaye

Na Mwandishi Wetu

Katika klabu za sayansi za shule, karakana za vyuo vya ufundi na hata majumbani, vijana wengi wanaunda vifaa vidogo vya kielektroniki kama vile vipimo vya mvua, vihisi vya unyevu wa udongo na taa za mabanda ya kuku. Vingi hufanya kazi vizuri vikiwa mezani, vimechomekwa kwenye chaja ya simu. Vikipelekwa shambani na kuunganishwa na paneli ya sola, baadhi huzimika kabla ya alfajiri. Kwa kipimo cha mvua hasara hiyo haifidiki, kwa kuwa mvua iliyonyesha usiku wa masika haiwezi kupimwa tena kesho yake.

Matumizi ya jua kuendesha kifaa kidogo si jambo geni. Mwezi Machi 1958, Marekani ilirusha setilaiti ndogo ya Vanguard 1 ikiwa na mitambo miwili ya kurushia mawimbi ya redio, mmoja wa betri na mwingine wa seli za jua. Ule wa betri ulinyamaza mwezi Juni mwaka huohuo, ilhali ule wa jua uliendelea kusikika hadi mwaka 1964. Angani, hata hivyo, hakuna mawingu wala vumbi. Hapa duniani mbunifu hana budi kuanza na hesabu.

Wati zilizoandikwa na wati zinazopatikana

Paneli iliyoandikwa wati 1 hutoa kiasi hicho katika vipimo vya maabara, yaani mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli zenye nyuzi joto 25. Juani seli hupata joto zaidi ya hapo, na kadiri zinavyopata joto ndivyo volti zinavyopungua. Asubuhi na jioni mwanga ni hafifu, na usiku haupo. Kwa makadirio ya tahadhari, ichukuliwe kuwa paneli hupata saa 4 za jua kamili kwa siku, na kwamba asilimia 60 tu ya umeme huo ndiyo itakayofika kwenye kifaa. Kwa hiyo paneli ya wati 1 itatoa takribani wati-saa 2.4 kwa siku.

Upande wa pili wa mizani ni matumizi. Tuchukue kipimo cha mvua chenye bodi inayotuma taarifa kwa mtandao usiotumia waya, kinachotumia miliampea 120 kikiwa macho. Kikiachwa macho saa 24, kitatumia miliampea-saa 2,880. Kwa betri ya volti 3.7, hizo ni wati-saa 10.7, zaidi ya mara nne ya uwezo wa paneli yetu.

Wengi hukimbilia kununua paneli kubwa zaidi, lakini dawa ya gharama nafuu imo ndani ya programu ya kifaa chenyewe. Kipimo kikiamshwa kila baada ya dakika 15, kikafanya kazi sekunde 10 kisha kikalala kwa kutumia miliampea 1, matumizi ya siku nzima hushuka hadi takribani miliampea-saa 56. Paneli ileile iliyoshindwa sasa inabaki na ziada kubwa. Inafaa pia kuondoa taa ndogo ya kiashiria inayowaka muda wote kwenye bodi, kwa sababu peke yake inaweza kutumia umeme mwingi kuliko bodi iliyolala.

Betri ni tangi

Paneli ni mfano wa bati la kuvunia maji ya mvua, na betri ni tangi. Bila tangi, wingu moja likipita bodi hujizima na kujiwasha upya. Tangi nalo lazima litoshe siku ambazo mvua haikunyesha. Betri moja ya lithiamu ya miliampea-saa 2,000, ikitumiwa kwa asilimia 80, inaweza kuendesha kipimo kinacholala kwa takribani wiki nne bila jua lolote. Kipimo kisicholala kingeimaliza ndani ya saa 14.

Betri hizo zinahitaji uangalifu mkubwa. Seli ya lithiamu ya volti 3.7 haipaswi kuchajiwa kupita volti 4.2, kwani inaweza kuvimba na hata kushika moto. Kamwe paneli isiunganishwe moja kwa moja na betri. Katikati pawepo kidhibiti, ambacho mafundi hukiita chaji kontrola, kinachoendana na aina ya betri. Kabla ya kuunganisha, paneli ipimwe juani kwa maltimita, maana paneli iliyoandikwa volti 6 inaweza kutoa zaidi ya 7 ikiwa haina mzigo, na kidhibiti kisichohimili volti hizo kitaungua.

Seli za aina hii kwa kawaida hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45. Kwa sababu hiyo betri iwekwe kivulini, katika kisanduku cheupe chenye matundu ya hewa upande wa chini. Seli iliyovimba au kutoboka isitumike tena, wala isitupwe jalalani au kuchomwa moto.

Mahali pa kuweka paneli

Kwa kuwa Tanzania iko kusini mwa Ikweta, paneli ielekezwe kaskazini kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwezi Desemba jua la mchana huwa upande wa kusini, hivyo mwinamo mkali ungepoteza mwanga. Mwinamo huo mdogo pia husaidia mvua kuosha vumbi. Kivuli cha tawi moja kiepukwe, kwani seli zimeunganishwa kwa mfuatano, na moja ikizibwa hupunguza umeme wa zote.

Kabla ya kukipeleka kifaa shambani, kifanyiwe jaribio la siku tatu mfululizo paneli ikiwa imefunikwa. Kikivuka siku hizo kikiwa bado kinatuma taarifa, kitakuwa tayari kuikabili masika.